Punje Ambayo Kyaruzi Hakuimeza

Jumamosi, tarehe 22 Machi 2025. Alfajiri radi ilipiga mara mbili upande wa ziwa, mvua ikaishukia Kishanda kwa hasira, na ilipofika saa tatu asubuhi yalikuwa yamebaki manyunyu tu, migomba ikichuruzika na ukungu umelala juu ya mikahawa.

Kofi la kwanza Joanitha alilisikia akiwa jikoni, anamenya ndizi. La pili alilikimbilia, kisu bado mkononi.

Uani, Kyaruzi alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Shati lake jeupe la kuja nalo ukweni lilikuwa limechanika begani. Avit, kaka yake Joanitha, alikuwa amemkaba kola kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika wembe mpya. Kando yao, juu ya ungo, tunda moja la kahawa lilikuwa limepasuliwa, punje zake mbili zimekaa wazi.

"Fungua mdomo!"

"Sifungui, kaka."

"Nimekwambia fungua!"

"Nikifungua nitaongea tu, kaka Avit. Kumeza sitameza."

Teke likamwingia mbavuni. Kyaruzi akaenda chini kwa bega, akabaki hapo anatafuta pumzi.

"Kaka, unamuua!" Joanitha alipiga kelele.

"Simuui. Namfanya mtu wa nyumba hii. Mchumba wako anataka kuchukua dada wa watu lakini hataki kuwa na siri moja na wenye nyumba. Muulize mwenyewe kama ni haki."

Joanitha aliitazama ile punje, akaelewa. Omukago. Aliujua kwa kuusikia tu, kama vijana wengi wa rika lake. Wazee wa zamani waliotaka kufungamana walipasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akachukua punje moja, akaipaka damu yake kutoka chale ya karibu na kitovu, akampa mwenzake ameze. Aliyemeza kisha akamgeuka mwenzake, walisema, tumbo lake lingefura mpaka afe. Wengi waliuacha walipobatizwa. Avit naye alikuwa amebatizwa, tena kwa maji yale yale aliyobatizwa Joanitha. Lakini tangu baba yao, mzee Rutashobya, afariki na kumwachia kibanja cha migomba na nyumba, alikuwa amejiingiza kwenye magendo ya kahawa ya kuvuka mpaka, na watu wa kazi hiyo walifungana midomo kwa omukago.

Kyaruzi alijiinua taratibu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule Kagondo, Bukoba mjini, kijana wa miaka ishirini na mitano mwenye mikono yenye makovu ya cheche. Walikutana na Joanitha kwenye tamasha la kwaya, yeye akiwa amekuja kutengeneza jukwaa lililovunjika. Akabaki kusikiliza nyimbo. Mwaka uliofuata akapata kipaimara, na hakuna aliyemsukuma.

"Kaka," alisema, damu ikimtoka sikioni, "niambie nikuchimbie mashimo ya migomba kuanzia hapa mpaka barabarani, nitachimba. Niambie nikutengenezee geti, nitatengeneza leo. Lakini damu iliyonifanya ndugu wa watu ilishamwagika, na ni ya Yesu. Siwezi kumeza nyingine juu yake."

Avit akacheka. "Mlokole wa vyuma! Kwa hiyo huyo Yesu wako ndiye atakayekupa dada yangu?"

"Alishanipa. Umebaki wewe tu."

Hilo jibu lilimgharimu. Avit alimpiga ngumi ya mdomo, halafu nyingine, na Joanitha akawa amemning'inia kaka yake mkononi kama mtoto anayebembeleza apewe pipi.

Mama yao, Ma Klaudia, alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu. "Avit mwanangu, hilo jambo halifai. Huyu kijana akimeza..."

"Mama, ingia ndani!"

"Waitu, tafadhali, nisikilize..."

"Ndani!"

Ma Klaudia akaingia. Joanitha alimwona mama yake akijifunika uso kwa khanga, akadhani ni kwa sababu ya damu.

Avit aliinama, akaziokota zile punje na kuzitupa migombani. "Jumamosi ijayo, saa nne. Unameza, unaoa. Humezi, harusi hakuna, na nikikukuta Kishanda nakukata mguu. Utaenda kuchomelea na wa bandia."

* * *

Joanitha alimsindikiza mpaka barabarani. Walitembea, yeye mbele, Kyaruzi nyuma akijishika mbavu.

"Kyaruzi, ni punje ya kahawa tu."

"Najua."

"Kila siku tunatafuna kahawa. Mgeni akija tunampa kahawa kabla hata hajakaa."

"Mgeni hatumpi damu, Joanitha."

"Mungu anaangalia moyo! Si ndivyo tunavyofundishwa? Wewe meza, moyoni useme sitaki."

"Na wewe siku ya harusi utasema ndiyo kwa mdomo, moyoni useme sitaki?"

Joanitha akageuka, macho yamejaa. "Usinitanie. Nakuomba kitu kimoja. Mimi ndiye mwimbaji, mimi ndiye niliyezaliwa kanisani, wewe umeingia juzi. Mbona unataka kunizidi?"

"Sitaki kukuzidi." Alisimama, akamfuta chozi kwa kiwiko kwa kuwa viganja vilikuwa na tope. "Mimi nimeingia juzi, ndiyo. Ndiyo maana bado naogopa kutoka."

Bodaboda ilipofika, alipanda kwa shida. Hakugeuka nyuma kwa sababu shingo ilikuwa inamuuma.

* * *

Wiki ile simu haikupumzika.

Jumatatu Joanitha aliandika: "Umelala? Mbavu zikoje?"

"Zinauma nikicheka. Kwa hiyo usinichekeshe."

"Kyaruzi, umefikiria?"

"Nimeomba. Jibu ni lile lile."

Jumatano alikuja Ta Rutaihwa, mshirika wa Avit katika kahawa, mgane wa miaka hamsini na kitu, mwenye nyumba ya vigae kule Muleba na gari jeupe lisiloshikwa na tope. Alileta sukari, mchele na kitenge. Alipompa Joanitha kitenge aliushikilia mkono wake zaidi ya inavyohitajika.

"Binti wa Rutashobya amekua," alisema.

"Alikua zamani," Avit akajibu, wakacheka wote wawili. Ma Klaudia hakucheka. Alikaa kwenye mkeka, mkono wake wa kushoto ameuficha ndani ya khanga.

Alhamisi Joanitha alipiga simu.

"Jumamosi unakuja?"

"Nakuja. Nakuja kumwomba kaka yako tena, kwa adabu."

"Hiyo adabu utamezwa nayo! Kyaruzi, usipomeza usinipigie tena. Nimechoka. Nimechoka kuwa mchumba wa mtu anayependa msimamo wake kuliko mimi."

Upande wa pili mashine ya kukatia vyuma ilikuwa ikilia kwa mbali.

"Joanitha, nikiweza kumdanganya Mungu kwa ajili yako, baadaye nitakudanganya wewe kwa ajili ya nani?"

Akamkatia simu. Alilia mpaka Avit akaja kukaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba yao kaka yake akaongea kwa sauti ya upole.

"Dada yangu, unampenda?"

"Nampenda."

"Basi tumsaidie. Mtu akikataa dawa si anashikwa? Tunamshika kidogo, inapita kooni, imekwisha. Yeye hajakubali, kwa hiyo dhambi si yake. Kesho kutwa mnaandikisha ndoa. Wewe mwite tu. Mwambie nimelegeza."

Joanitha aliligeuza neno hilo usiku kucha. Akilazimishwa, dhambi si yake. Alilisalia kabisa, akamwomba Mungu alikubali, na kwa kuwa mbingu haikumkatalia kwa sauti, alijihesabu amejibiwa. Ijumaa asubuhi aliandika:

"Mpenzi, kaka amelegeza. Hakuna omukago. Njoo kesho saa nne, mkutane ghalani mmalize. Nakupenda."

Jibu lilikuja kabla hajaweka simu chini.

"Bwana asifiwe! Nilijua. Nakuja na nyama."

* * *

Jumamosi alikuja kweli na nyama, kilo mbili zimefungwa kwenye jani la mgomba. Alimkabidhi Joanitha mlangoni, akatabasamu kwa mdomo uliokuwa bado na kidonda.

"Pika na ndizi. Nikimaliza na kaka nina njaa."

Akaelekea nyuma ya nyumba, kwenye ghala la kahawa. Mlango ukafungwa nyuma yake. Joanitha aliiweka nyama mezani na kuanza kumenya ndizi.

Kelele ya kwanza ilisikika. Kitu kizito kikaangukia magunia.

Ma Klaudia alitoka chumbani, ameshika sufuria kwa mkono wa kulia. "Nani yuko ghalani?"

"Kyaruzi."

"Na nani?"

"Kaka, Ta Rutaihwa na wapagazi wawili." Joanitha hakuinua uso. "Wanammezesha, Mama. Wamemshika. Dhambi haitakuwa yake. Wakimaliza tutaoana."

Sufuria ilimponyoka Ma Klaudia mkononi.

"Kamawe! Joanitha, umefanya nini?"

"Mama, ni kwa ajili..."

"Akimeza hakuoi! Hamjui hata mnachocheza nacho! Omukago ni undugu, mwanangu. Akimeza damu ya Avit amekuwa Avit. Amekuwa tumbo langu. Wewe utakuwa dada yake, na dada haolewi! Matangazo yakisomwa kanisani ukoo wote utasimama kupinga, na kijiji chote kitawaona wachafu. Avit anajua. Tangu mwanzo anajua!"

Joanitha alikiacha kisu kati ya maganda ya ndizi. "Kwa nini afanye hivyo?"

"Amekuahidi kwa Rutaihwa. Kumkataa Kyaruzi waziwazi hawezi, mahari ya watu ilishapokewa mbele ya wazee. Anataka Kyaruzi ajifunge mwenyewe."

"Na wewe ulinyamaza?"

Ma Klaudia alifunua khanga. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba, mweusi kuanzia kiwiko mpaka kifundo. "Aliukanyaga siku ile ile nilipotaka kusema. Akasema nikifungua mdomo tena atanizika kabla ya masika kuisha. Nilimwogopa mwanangu. Mungu anisamehe, nilimwogopa niliyemzaa."

Joanitha alikuwa ameshafika uani. Alichukua mchi wa kinu kwenye ukuta, akakimbia.

Mlango wa ghala ulifunguka kwa teke la tatu.

Kyaruzi alikuwa amelazwa chali juu ya magunia, wapagazi wawili wamemkalia mikono. Shati lilikuwa wazi, na kando ya kitovu chale ilikuwa inatoa damu. Rutaihwa alikuwa amembana pua kwa vidole vyake vya pete. Avit alikuwa juu ya kifua chake na koleo mkononi. Meno mawili yalikuwa sakafuni. La tatu lilikuwa bado kwenye koleo.

Na bado Kyaruzi alikuwa amebana taya. Alikuwa anavuta hewa kupitia mapengo, ikipiga mluzi, povu jekundu likimtoka pembeni mwa mdomo, lakini punje ilikuwa bado kwenye vidole vya Avit.

"Muacheni!"

"Toka nje!" Avit hakugeuka. "Si wewe uliyemwita? Ujumbe uliandika kwa mkono wako. Sasa acha tumalize."

Kyaruzi alizungusha macho, yakamkuta Joanitha. Alimtazama mara moja tu. Joanitha angechagua kupigwa kwa koleo lile lile kuliko kutazamwa hivyo.

Alishusha mchi. Ulimpata Avit begani, mfupa ukalia, punje ikaruka na kupotea kati ya magunia. Avit aliinuka akinguruma, akampiga Joanitha kwa nyuma ya mkono, dada akaangukia mizani. Rutaihwa aliachia pua akakimbilia mlango. Wapagazi walisitasita, na Kyaruzi akautoa mkono mmoja, akajaribu kukaa.

"Hutaki kumeza?" Avit alilitoa panga nyuma ya mlango. "Basi hutatafuna tena chochote!"

Panga lilishuka. Kyaruzi alikinga kwa mkono wa kushoto, likaingia chini ya kiwiko na kukwama. Hapo ndipo Ma Klaudia, aliyekuwa amefika mlangoni, alipopiga yowe. Lilitoka tangu chini ya tumbo, likapita juu ya migomba, na kila kibanja kikalipokea na kulipeleka mbele.

Watu walikuja. Walikuja na mapanga, na fimbo, na majembe, wanaume na wanawake. Wapagazi walitoroka kupitia dirisha. Avit alijaribu kuwafuata, bega likamsaliti, wakamvuta kwa miguu mpaka uani. Walipoiona hali ya Kyaruzi hawakuuliza zaidi.

"Muueni huyo!"

"Hata mama yake mzazi kamvunja mkono, tazameni!"

"Leteni petroli!"

Fimbo zikaanza kushuka. Avit alikunja mikono juu ya kichwa, akalia kwa sauti ya kitoto aliyokuwa nayo zamani walipokuwa wakichunga mbuzi pamoja. Joanitha alitoka ghalani akiwa na damu ya Kyaruzi mpaka viwikoni. Alikuwa amemchukia kaka yake dakika ile kuliko shetani. Akapita katikati ya miguu ya watu na kumlalia kaka yake.

"Toka, binti!"

"Sitoki!"

Fimbo moja, iliyokwisha kushuka, ilimpata mgongoni. Hakutoka.

"Tumeshamwaga damu ya kutosha leo!" alipiga kelele, mdomo kwenye tope. "Mwiteni polisi! Nasema mwiteni polisi!"

Mwinjilisti Aroni, mchungaji wa mtaa wao kwa vitendo ingawa hakuwa na kola, alifika akihema, kanzu ameikunja kiunoni. Alijitupa naye juu yao wawili. Watu walisimama, fimbo zimeinuliwa, mpaka gari la polisi lilipoingia.

* * *

Hospitalini Kyaruzi alishonwa mdomo na mkono. Siku ya tatu alikuwa bado haruhusiwi kuongea. Joanitha alikaa pembeni ya kitanda, amebeba uji usionyweka.

Kyaruzi aliichukua simu yake kwa mkono mzima. Simu ya Joanitha ikatetemeka mapajani.

"Ule ujumbe uliandika wewe?"

Alikuwa amekaa naye kwa umbali wa mkono, lakini aliona aibu kujibu kwa mdomo. Akaandika: "Ndiyo."

"Avit alikushikia panga?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angembishia, maana Avit alikuwa mahabusu na hana wa kumwamini. Aliandika herufi moja, akaifuta.

"Hapana. Alinibembeleza tu. Nilidhani ukilazimishwa dhambi haitakuwa yako."

"Ingekuwa ya nani?"

"Yangu."

"Na mimi ningekuacha uibebe peke yako?"

Joanitha aliweka simu chini, akafunika uso. Simu ikatetemeka tena.

"Mama yako ameniambia kuhusu undugu. Sikuwa najua. Ningejua, nisingepoteza hata jino moja, ningemwambia Avit mapema kwamba mtego wake nimeuona. Nilikataa kwa sababu nyingine kabisa."

"Najua kwa nini ulikataa."

"Koleo liliniuma. Aliposema ni wewe uliyeniita, hilo liliuma zaidi."

"Nisamehe, Kyaruzi."

Alikaa anaitazama dari. Muuguzi alipita, akabadilisha dripu, akaondoka.

"Nimekusamehe. Lakini sijapoa. Nenda nyumbani kwanza. Kesho uje na uji mwingine, na usiweke sukari kama unamzika mtu ndani yake."

Joanitha alicheka na kulia kwa wakati mmoja. Siku iliyofuata alikuja, na iliyofuata, na siku ya nane Kyaruzi aliushika mkono wake mwenyewe, bila simu.

* * *

Jumamosi, tarehe 12 Aprili, ukoo ulikaa uani kwa Ma Klaudia. Rutaihwa alikuwa amevuka mpaka, hakuna aliyemwona tena. Avit alikuwa mahabusu, na Jumatatu kesi ingeanza kusikilizwa. Baba mkubwa, mzee Rweyemamu, alikaa kwenye kiti, wengine kwenye mikeka. Kyaruzi alikuja na Mwinjilisti Aroni, mkono umening'inia kwenye kitambaa.

"Binti," Rweyemamu alianza, "hakuna anayesema Avit alifanya vizuri. Lakini ni damu yetu. Wewe ndiye shahidi wa kwanza. Ukisema kijana alianguka na pikipiki, akaanguka vibaya juu ya vyuma vyake, mambo yatalainika. Sisi tutamlipia matibabu na kumfundisha adabu Avit hapa hapa nyumbani."

"Baba mkubwa, na mkono wa mama? Naye alianguka na pikipiki?"

Wanawake wawili wakacheka, wakajizuia. Rweyemamu alikunja uso.

"Sikiliza mpaka mwisho. Ukienda kusema, hiyo simu yako itasomwa pale mbele. Wataona wewe ndiye uliyemwita. Wanaweza kukuweka ndani na kaka yako. Hilo umelifikiria?"

"Nimelifikiria."

"Na hakuna mtu wa ukoo huu atakayekanyaga harusi yako. Utatoka hapa kama mtoto wa kuokotwa. Mbwenu, sasa chagua. Neno moja tu la uongo, tena la kuokoa uhai wa ndugu. Mungu anaangalia moyo."

Joanitha alishtuka kulisikia neno lake mwenyewe katika kinywa cha mwingine. Alimtazama Kyaruzi. Midomo yake ilikuwa imevimba bado, na alipojaribu kumtabasamia, mapengo matatu yalionekana mbele.

"Kyaruzi," Rweyemamu akamgeukia, "wewe ni mtu wa dini. Si umemsamehe?"

"Nimemthamehe," Kyaruzi alijibu, ulimi ukiteleza mapengoni. "Nimemthamehe toka moyoni. Lakini thikuanguka na pikipiki, mzee wangu. Thina hata pikipiki."

Safari hii hata Rweyemamu aligeuza uso kuficha mdomo.

Mwinjilisti Aroni alikohoa. "Mimi nina swali moja la kazi yangu. Kyaruzi, matangazo ya ndoa niyasome baada ya Pasaka, au niyaache?"

Kyaruzi alimtazama Joanitha kwanza.

"Yathome."

Ma Klaudia, mkono wake kwenye plasta, alisimama wa kwanza, akaja kusimama nyuma ya binti yake. Joanitha naye akainuka. Sauti ilitoka kama inavyotoka mbele ya kwaya, hata waliokuwa wamesimama migombani kusikiliza walimsikia.

"Baba mkubwa, wazee wangu, mama zangu, na wewe Mwinjilisti, mnisikie nyote na Mungu anisikie. Mimi Joanitha, binti wa Rutashobya, naahidi: Jumatatu nitasimama mahakamani niseme nilichokiona, na niseme nilichokifanya mimi, sitapunguza neno. Kaka yangu akifungwa, nitampelekea chakula kwa mkono huu huu mpaka siku atakayotoka, hata kama atakitupa. Na tarehe kumi mwezi wa tano, mje au msije, nitaolewa na mwanaume huyu, na sitamwomba tena maisha yangu yote ameze kitu ambacho moyo wake umekikataa."